Nobu Tatu

Pedali ya Tube Screamer, iliyoanza kuuzwa na Ibanez ya Japani mwishoni mwa miaka ya 1970, ina nobu tatu za kuzungusha na swichi moja ya mguu. Nobu moja huongeza mkwaruzo wa gitaa, nyingine hufanya sauti iwe kali au nzito, ya tatu huamua ukubwa wake. Basi. Haina skrini wala kumbukumbu. Ukitaka kujua imewekwaje, unaitazama, au unaigusa.

Mwaka jana ukoo wetu ulichanga fedha za kumnunulia mjomba wangu pedali, na kazi ya kuchagua nikapewa mimi kwa sababu ndiye ninayesoma shahada ya uzamili. Shahada yenyewe ni ya uchumi, lakini nyumbani kwetu msomi ni msomi.

Mjomba hupiga solo katika bendi ya hoteli Dar es Salaam. Kwa usiku mmoja wanapita kwenye rumba, rege, blues, na wageni wakishachangamka, roki. Rumba inataka gitaa safi, kila nyuzi isikike. Blues inataka mkwaruzo kidogo, kama mtu aliyeamka sasa hivi. Roki inataka mkwaruzo wenyewe. Mjomba alikuwa anainama kati ya wimbo na wimbo kuzungusha nobu za pedali yake ya zamani, na kadiri glaukoma inavyomla macho kuanzia pembeni, kuinama huko kulizidi kuchukua muda. Kiongozi wa bendi hakusema neno. Alianza tu kumwita kijana mwingine siku za Ijumaa.

Kwa hiyo mwanzoni niliona jibu liko wazi: pedali ya kisasa yenye kompyuta ndani. Ninayo moja. Inaiga ovadraivu za aina nyingi, na kila mpangilio unaoupenda unauhifadhi, kisha unauita kwa kukanyaga mara moja. Usiku nikichoka na tasnifu navaa hedifoni na kuwa wapiga gitaa watano tofauti bila kumwamsha jirani. Mtu asiyeona sakafu ya jukwaa angetaka nini zaidi ya hiyo?

Nikampelekea nyumbani ajaribu. Sisi tunaitana mjomba kwa mjomba, kama ilivyo desturi. Aliipitishia vidole kabla hata ya kuichomeka. Akapiga kidogo, akakanyaga, sauti ikabadilika. Akaigusa tena nobu ya kwanza.

"Mjomba, hii mbona iko palepale?"

"Ndivyo ilivyo, mjomba. Sauti imetoka kwenye kumbukumbu. Nobu imebaki pale ulipoiacha."

"Kwa hiyo inanidanganya."

Nilicheka, lakini alikuwa ameshika jambo ambalo mimi, kwa miaka miwili ya kuitumia, sikuwa nimelipa uzito, kwa sababu skrini ilikuwa inanisahihishia kila mara. Kwenye pedali rahisi, mahali nobu iliposimama ndiyo sauti yenyewe. Kwenye pedali ya kumbukumbu, ukishaita mpangilio, vidole vinaambiwa hivi na masikio vinasikia vile. Watengenezaji wanalijua tatizo hili. Mwaka 2020 kampuni ya Chase Bliss ya Marekani ilitoa pedali ya Automatone ambayo vitelezi vyake vina mota: ukiita mpangilio, vinasogea vyenyewe hadi mahali pake. Iliuzwa kwa zaidi ya dola 700. Mchango wetu usingefika hata nusu.

Nilianza kufikiri upya kuhusu hizi pedali za kazi moja, ambazo nilikuwa naziona ni za watu wasiopenda mabadiliko. Mkwaruzo wa kwanza kuwekwa kwenye kisanduku ulitokana na hitilafu moja tu. Katika studio ya Nashville, chombo cha kurekodia kiliharibika Grady Martin akipiga kipande chake katika wimbo wa Marty Robbins, "Don't Worry", uliotoka 1961. Fundi Glenn Snoddy akatengeneza saketi ya kuiga ule ubovu, na 1962 Gibson ikaiuza kwa jina la Maestro Fuzz-Tone. Watu hawakuikimbilia hadi 1965, Keith Richards alipoitumia kwenye "Satisfaction". Kisanduku kimoja, ubovu mmoja, na kinachobaki ni kujua ukikanyage lini.

Tukanunua mbili zilizotumika, zote kwa bei ndogo kuliko moja ya kompyuta: Tube Screamer kwa ajili ya blues, na Boss DS-1, ile ya rangi ya chungwa iliyoanza kuuzwa 1978, kwa ajili ya roki. Tukazifunga kwenye ubao, ya kwanza kushoto, ya pili kulia. Mjomba akatafuta sauti anazozitaka kwa jioni nzima, na kila alipoipata moja nikadondosha tone la gundi ngumu pembeni ya nobu. Sasa kumbukumbu zake ni mbili, na zote zinashikika. Mguu kushoto, mguu kulia, mguu usiguse popote kwa rumba.

Kuna alichopoteza. Zipo nyimbo mbili zinazohitaji sauti ya tatu, na hizo amezitoa kwenye orodha yake. Yule kijana bado anapiga Ijumaa, na pedali yake ina skrini inayong'aa mpaka kwenye meza za mbele. Anapiga vizuri. Sijaiuza yangu pia, kwa kuwa macho yangu yanaona na muda wangu wa kufanya mazoezi ni mdogo. Ila siku hizi mtu akiniambia kifaa fulani ni bora kwa sababu kinafanya kila kitu, namuuliza nani anabeba kazi ya kukumbuka kimewekwaje.

Mjomba anaenda kliniki ya macho kila baada ya miezi mitatu. Aliporudi mara ya mwisho alinipigia simu, tukasalimiana, akauliza habari za masomo, halafu akaniomba nikienda tena nipitie dukani nimchukulie gundi. Anataka tuweke matone kwenye amplifaya pia.