Mizigo ya L 59

Novemba 21, 1917, meli ya angani ya Jeshi la Majini la Ujerumani, L 59, iliondoka Jamboli, mji wa Bulgaria uliokuwa na kituo cha meli za aina hiyo. Ilikuwa na urefu wa zaidi ya mita 220, watu 22, na tani zipatazo 15 za mizigo: bunduki za rashasha, risasi, dawa. Ilikuwa inakuja kwetu, uwanda wa Makonde, kwa Lettow-Vorbeck, ambaye Waingereza walikuwa wamemfungia bahari.

Nilikuwa natafuta habari za wapagazi kwa ajili ya tasnifu ya uzamili, nikakutana na zepelini. Sikuweza kuiacha. Ilikuwa safari ya kwenda tu, kwa sababu huku hapakuwa na haidrojeni ya kuijaza tena. Ikishatua, ilikusudiwa kuchanguliwa kama ng'ombe wa sikukuu: ngozi yake iwe mahema, kitambaa cha ndani kiwe bandeji, mifupa yake ya duralumini iwe minara ya redio. Nilicheka peke yangu maktabani.

Haikufika. Novemba 23, ikiwa magharibi ya Khartoum, iliamriwa kwa redio irudi. Ilitua Jamboli Novemba 25, baada ya saa 95 na kilomita 6,757 hewani. Siku hiyohiyo Lettow-Vorbeck alikuwa akivuka Ruvuma kuingia Msumbiji. Aprili 1918 ililipuka karibu na Otranto, na wote waliokuwamo wakafa.

Hadi saa zake zimehesabiwa. Nahodha wake, Ludwig Bockholt, anatajwa kila inapotajwa. Babu wa bibi yangu, aliyechukuliwa Newala kubeba mizigo ya Wajerumani na hakurudi, sijamwona katika karatasi yoyote. Bibi ana jina moja tu aliloachiwa na mama yake, wala hajui kama ni la kuzaliwa au la jandoni. Kwa mtu anayepekua orodha, tofauti hiyo si ndogo.

Mzigo wa mpagazi ulikuwa kama kilo 25. Nikagawa: tani 15 ni vichwa 600, vilivyokaa angani kwa siku nne.

Nilimpigia bibi nikamsimulia. Alisikiliza habari za dude lile mpaka mwisho, bila kunikatiza, kisha akauliza:

"Na likishashuka, hiyo mizigo ingebebwa na nani, mjukuu wangu?"