Magari Yaliyotoka Migodini

Nilijifunza ufundi wa magari Shinyanga mjini, katika gereji ya mzee mmoja aliyepata kufanya kazi Mwadui, kwenye mgodi wa almasi aliouvumbua Dakta John Williamson mwaka 1940. Na kwa kuwa huko alizoea kuandika kila kilichofunguliwa na kila kilichofungwa, alitulazimisha nasi kumwekea kila gari daftari lake, adabu ambayo ndiyo iliyonipa riziki hadi leo.

Mgodi wa Geita ulipofunguliwa mwaka 2000, na ule wa Bulyanhulu kule Kakola mwaka 2001, nilihamia Kahama, maana kazi iliifuata dhahabu. Wakandarasi wengi walioingia migodini hawakuona faida ya kununua magari kwa kazi ya miaka miwili au mitatu. Walikodi Hilux na Land Cruiser, hasa lile la hardtop ambalo watu wetu huliita mkonga kwa ajili ya bomba lake la hewa lililopanda ubavuni mwa kioo, na mikataba ilipokwisha magari yale yalipelekwa mnadani. Hapo ndipo wenye fedha za mpunga na ng'ombe walipoanza kuniuliza swali moja: je, gari lililokuwa la kukodishwa linafaa kununuliwa?

Aghalabu watu husema kwamba gari la ijara halina mwenyewe, na kila anayelishika hulipiga kwa kuwa si lake. Naona kauli hiyo ina insafu kwa gari linalokodishwa kwa siku kwa wanunuzi wa dhahabu wa Katoro na Nyarugusu, leo kwa huyu, kesho kwa yule, kwani anayelirudisha haulizwi neno ila mafuta. Bali gari la mkataba wa mgodini lina wa kulisemea: halipiti getini mpaka breki, taa, mikanda na tairi zikaguliwe, hubadilishwa oili kwa wakati wake, na mwendo wake ndani ya uzio una mpaka. Nimefungua injini za 1HZ zilizotoka katika mikataba hiyo, zile za dizeli zenye silinda sita na lita 4.2, nikakuta silinda hazina hata mkwaruzo.

Madhara ya magari haya yako mahali pengine, na mnunuzi hayaoni kwa sababu macho yake yako kwenye kilometa. Gari la msimamizi huachwa likinguruma kutwa kwa ajili ya ubaridi, injini ikichakaa na kilometa zimesimama. Tena, Bulyanhulu ni mgodi wa chini ya ardhi, na gari linaloshuka huko hushinda katika maji na tope, kisha hupanda mlima mrefu kwa gia nzito; ilhali Geita ilichimbwa kwa miaka mingi katika mashimo ya wazi, ambako adui mkubwa ni vumbi. Vumbi lina filta ya kulizuia. Kutu ikishaingia ndani ya chesisi, sijaona rangi iliyoitoa.

Mama mmoja wa Kahama, mfanyabiashara wa mchele, alinichukua nikamkagulie mkonga mweupe uliokwisha oshwa na kupakwa rangi nyeusi uvunguni. "Fundi, mwanangu," aliniambia, "hili si jipya kabisa hili?" Nikamwomba anipe muda, nikalala chini, nikaigonga chesisi kwa mpini wa bisibisi toka mbele kwenda nyuma, na nilipofika springi za nyuma zinapopachikwa mlio ukabadilika, nikageuza ncha, ikazama, na magamba ya kutu yakanimwagikia kifuani pamoja na tope la kijivu, nasi sote tunajua kwamba udongo wa barabara ya Kakola ni mwekundu; gari hilo lilikuwa likishuka chini ya ardhi. Nilifungua kifuniko cha oili injini ikiwaka, nayo haikupumua moshi hata kidogo. Injini ilikuwa nzima juu ya chesisi iliyooza, nikamwambia aliache, na dalali akakasirika sana.

Pembeni ya gari hilo lilisimama jingine, bodi ina mabonde na viti vimechanika, ambalo hakuna aliyelitazama. Hilo lilikuwa la wapima ardhi wasioshuka chini ya mgodi, na daftari lake la sevisi lilikuwamo, limejazwa kwa mkono uleule miaka yote ya mkataba. Nikamwambia mama achukue hili.

Likabaki jambo la kodi, nalo huwaponza watu kuliko injini. Baadhi ya magari ya migodini huingizwa nchini kwa msamaha wa ushuru, na yanapohamia kwa mtu asiye na msamaha ule, ushuru hudaiwa, wala Mamlaka ya Mapato, TRA, haibadilishi jina kwenye kadi kabla haujalipwa. Ukijumlishwa na bei ya mnada, mara nyingine heri mtu angeagiza gari Japani. Mama yule alimtaka muuzaji aandike katika hati ya mauzo kwamba ushuru wote ni juu yake, na alipokwisha kuandika na kutia sahihi, ndipo fedha zikahesabiwa.