Njia ya kwenda Feri iliyochorwa nyuma ya daftari

Jumapili usiku, watoto wakiwa wamelala, baba mmoja mkazi wa Kibada, Kigamboni, alivuta kiti karibu na meza, akageuza daftari la hesabu la binti yake na kuanza kuchora. Alichora bahari, akachora kivuko, kisha akavuta mistari mitatu kutoka nyumbani kwake hadi Upanga, ng’ambo ya maji.

“Mama watoto, hebu njoo uone,” alimwita mkewe. “Safari hii kliniki hatuchelewi.”

Mama aliacha nguo alizokuwa akikunja, akasogea na kuutazama mchoro. Alikaa kimya kidogo, kisha akauliza swali moja tu.

“Sasa baba watoto, hapa mtoto anakunywa maji wapi?”

Baba aliangalia mistari yake mitatu. Yote ilionyesha dakika. Hakuna hata mmoja uliomtaja mtoto.

Binti yao ana miaka 10 na anaishi na ugonjwa wa selimundu. Uligundulika akiwa na mwaka mmoja na nusu, baada ya vidole vya mikono na miguu kuvimba ghafla. Bibi yake alidhani ameumwa na mdudu, jirani akasema ni baridi yabisi. Kipimo cha damu ndicho kilichomaliza ubishi.

Ndipo wazazi wakajua kwamba wote wawili wamebeba chembe ya ugonjwa huo bila wao wenyewe kuumwa. Wazazi wa namna hiyo, katika kila ujauzito, wana uwezekano wa mmoja kati ya wanne wa kupata mtoto mwenye selimundu. Hawako peke yao. Inakadiriwa watoto wapatao 11,000 huzaliwa na ugonjwa huu nchini Tanzania kila mwaka.

Tangu hapo maisha ya familia yanafuata tarehe ya kliniki Muhimbili. Miaka yote walikwenda kwa daladala, wakivuka kwa kivuko pale Magogoni. Mwaka jana baba, ambaye ni fundi seremala, alijibana akanunua pikipiki iliyotumika. Aliamini shida ya safari imekwisha.

Mistari mitatu

Mstari wa kwanza ulikwenda Feri. Unatoka Kibada, unapita Mjimwema, unafika kivukoni, unavuka maji kwa dakika chache, unatokea Magogoni karibu na soko la samaki, kisha unafuata barabara ya ufukweni kuelekea Upanga. Ukiutazama kwenye karatasi, ndio mfupi.

Mstari wa pili ulipita Daraja la Nyerere, lile la mita 680 lililofunguliwa Aprili 2016 na kuunganisha Kigamboni na Kurasini. Huko hakuna kusubiri kivuko. Lakini ukishuka darajani unaingia Kurasini, kwenye malori ya makontena yanayotoka na kuingia bandarini, na mwendesha pikipiki mwenye mtoto mgongoni anajua maana yake.

Mstari wa tatu ulizunguka Kongowe, ukapita Mbagala na kuingia mjini kwa Barabara ya Kilwa. Huo baba aliuchora ili tu usemwe umefikiriwa.

Hesabu yake ilikuwa ya muda. Kliniki inaanza asubuhi, foleni ya kivuko haitabiriki, na fundi anayepoteza siku nzima anapoteza kazi. Hakuwa na makosa kuwaza hivyo. Tatizo ni kwamba mwezi uliopita walikuwa wameshajaribu hesabu hiyohiyo, na aliyeilipa ni mtoto.

Safari ya Juni

Siku hiyo waliondoka nyumbani saa 11:00 alfajiri, watatu juu ya pikipiki moja. Baba mbele, mtoto katikati, mama nyuma. Mtaani wanaita mishikaki, na kila mtu anajua kuwa hairuhusiwi. Walijiambia ni siku moja tu.

Kofia ngumu ilikuwa moja, ya baba. Mtoto alivaa sare ya shule na sweta jepesi. Juni ni kipupwe, upepo wa kusi unavuma kutoka baharini, na alfajiri juu ya pikipiki upepo huo unapenya hadi mifupani.

Ili kuwahi, baba alikata njia ya mkato ya vumbi badala ya kufuata lami. Kulikuwa bado giza, mashimo yakawa yanaonekana pikipiki ikiwa imeshaingia. Mtoto alilalamika nyonga mara mbili. Walimwambia avumilie, wanakaribia.

Walipofika Feri walikuta foleni. Waliposimama na pikipiki yao upande wa vyombo vya moto, jua lilichomoza na kuanza kuwaka. Mtoto akaomba maji, mama akamwonjesha kidogo tu. Aliogopa asije akabanwa na haja ndogo katikati ya safari. Wazazi wengi hufanya hivyo safarini, na kwa mtoto mwingine isingekuwa na madhara makubwa.

Kliniki waliwahi. Vipimo vilikuwa vizuri, walirudi nyumbani wakicheka. Saa 3:00 usiku mtoto alianza kulia miguu. Kufika saa 6:00 alikuwa akipiga kelele kila shuka lilipomgusa, na siku nne zilizofuata alizimaliza wodini.

Baba alikaa nje ya wodi akijilaumu kwa ajili ya pikipiki. Mama alikaa kando ya kitanda akijilaumu kwa ajili ya maji. Hakuna aliyemwambia mwenzake.

Alichouliza muuguzi

Muuguzi wa zamu hakuanza na lawama. Aliwauliza siku ya kliniki ilikwendaje tangu walipoamka. Walipomaliza kusimulia, naye aliwaeleza polepole.

Mtoto mwenye selimundu, chembe zake nyekundu za damu hubadilika umbo na kuwa kama mundu, zikawa ngumu na zenye kunata. Zikikwama kwenye mishipa midogo, sehemu ile inakosa hewa ya oksijeni, na hapo maumivu makali huanza. Baridi hubana mishipa. Upungufu wa maji huzifanya chembe hizo zijikunje zaidi. Uchovu na maambukizi navyo huchochea.

“Kwa hiyo mama, maji kwake ni sehemu ya dawa,” alisema. “Akibanwa mkojo, simameni. Kusimama ni nafuu kuliko kulazwa.”

Akaongeza jambo ambalo wazazi hao waliliandika kwenye simu. Bandama ya mtoto mwenye selimundu huharibika mapema, na bandama ni mojawapo ya walinzi wa mwili. Ndiyo maana homa kwa mtoto huyu haisubiri asubuhi. Kuanzia nyuzi 38, ni kwenda hospitali iliyo karibu, usiku au mchana.

Ramani ya pili

Ndiyo maana Jumapili ile mama aliuliza kuhusu maji. Baba alichana karatasi, wakaanza upya, safari hii wakiwa wawili mezani.

Walianza na mtoto, kisha barabara ikafuata. Anahitaji nini kila nusu saa? Maji, joto, mahali pa kukaa, na choo. Halafu wakauliza pikipiki inaweza kufanya kazi gani katika hayo.

Jumamosi iliyofuata baba alimpakia mkewe, wakapita njia zote mbili za kwenda Feri, ya lami na ya mkato. Alimwomba akae pale anapokaa mtoto na aseme kila anachosikia. Kwenye njia ya mkato hawakufika hata katikati.

“Simama,” mama alisema akishika kiuno. “Mimi mtu mzima nyonga inagonga. Yeye je?”

Njia ya mkato ilifutwa palepale. Njia ya lami kupitia Mjimwema iliongeza dakika kadhaa, lakini haikuwa na mashimo, ina taa za maduka na ina mahali pa kusimama. Daraja nalo waliliweka kando. Walikubaliana kuwa kusubiri kivuko ukiwa umekaa kivulini ni salama kuliko kupishana na malori ukiwa na mtoto mgongoni.

Kisha likaja wazo la mama, ambalo baba alilipinga kwa siku mbili kabla ya kulikubali. Pikipiki isivuke. Iachwe kwenye maegesho upande wa Kigamboni, wavuke kwa miguu, na ng’ambo wachukue bajaji hadi kliniki. Hivyo hawatasimama juani kwenye foleni ya vyombo, na baba hataendesha katikati ya mji akiwa amechoka.

“Sasa pikipiki nimenunua ya nini?” baba aliuliza.

“Ya kumfikisha Feri,” mama alimjibu. “Hiyo haitoshi?”

Mishikaki ikaisha. Siku ya kliniki mama hutangulia na daladala, amebeba mkoba wenye kadi, dawa, chupa ya uji wa moto na kanga ya kujifunika. Baba na binti hufuata na pikipiki, mtoto akiwa na kofia ngumu inayomtosha kichwani, sweta zito na juu yake koti la baba. Anakaa nyuma, mgongo wa baba unamkinga upepo. Hawakimbii. Mjimwema wanasimama, anakunywa maji, ananyoosha miguu, wanaendelea. Kwenye kivuko wanakaa katikati, mbali na ukingo unaopuliza.

Wanatoka mapema zaidi kuliko zamani na bado kuna siku wanafika foleni ikiwa ndefu. Lakini tangu Julai hakuna kliniki iliyofuatiwa na usiku wa maumivu. Mama husema kwa tahadhari, kwa sababu selimundu haina ahadi. Mtoto anaweza kuumwa hata akifanyiwa kila kitu sawasawa, na hilo mzazi asijilaumu nalo.

Usiku ambao hawakwenda Feri

Agosti, saa 8:00 usiku, mama aligusa paji la uso la binti yake akashtuka. Kipimajoto kilisoma nyuzi 38.9. Baba alikuwa ameshashika ufunguo wa pikipiki na koti.

Mama alielekeza kidole ukutani, kwenye ile karatasi ya daftari. Chini ya mistari walikuwa wameandika sentensi moja kwa kalamu nyekundu: “Homa au pumzi kubana, usiende Feri.”

Waliiandika mchana, akili zikiwa zimetulia, kwa sababu walijua usiku wataogopa na kukimbilia wanakokujua. Mtoto mwenye homa kali anaweza kulegea na kuanguka kutoka kwenye pikipiki. Na hata akifika salama, kusubiri kivuko usiku ni kupoteza saa ambazo hana.

Walimpigia jirani mwenye gari, ambaye walishaongea naye tangu mwezi uliopita. Alifungua geti akiwa bado na msuli kiunoni. Walikwenda hospitali ya upande uleule wa Kigamboni, wakaonyesha kadi ya kliniki mlangoni, na mtoto akaanzishiwa dawa kwa mshipa kabla ya alfajiri. Siku ya tatu aliruhusiwa.

Ile karatasi bado iko ukutani, imebanwa na gundi, kona moja imechanika. Binti mwenyewe ameichorea chupa ya maji pale Mjimwema.

Kwa mzazi mwenye safari kama hii

Pima njia kwa mwili wa mtoto. Dakika 10 za ziada kwenye barabara nzuri ni nafuu kuliko mkato wa mashimo.

Mpe maji tangu anapoamka, na panga mapema mahali pa kusimama kwa haja ndogo.

Mvalishe joto kuliko unavyojivalisha wewe. Unayeendesha unafanya kazi, yeye amekaa.

Kofia ngumu iwe ya kwake na imtoshe. Usipakie mishikaki hata kwa safari fupi, wala usimkalishe mtoto mbele juu ya tangi.

Beba kadi ya kliniki kila mahali. Daktari asiyemjua mwanao ataanzia hapo.

Andika mapema mtakachofanya homa ikija usiku: hospitali ipi iliyo karibu, nani mwenye gari, fedha ziko wapi. Kisha ongea na huyo mwenye gari kabla hujamhitaji.

Kliniki ijayo ya binti huyo ni Jumanne. Pikipiki imeshatiwa mafuta, na chupa yake ya maji imeshajazwa, iko mlangoni kando ya viatu.