Sashe ya kawa na hadisi yake

Ninyi mulio Mongbwalu, Manguredjipa na Kamituga, munajua dhahabu kuliko mimi. Basi munijibu ulizo hili: dhahabu ikiisha kuyeyushwa, nani anaweza kusema ilitoka kwa shimo ya nani? Hakuna. Gramu ni gramu. Mizani inasema bei, na yule aliyechimba anasahauliwa palepale. Mimi ninauzisha kawa hapa Kasindi, na kwa miaka mingi kawa yetu ilikwenda vilevile kama dhahabu yenu.

Kwa wale wasiofika huku: Kasindi ni mpaka wetu na Uganda, kilometri 80 hivi toka Beni. Mto Lubiriha unapita kati, ngambo ile ni Mpondwe. Motokari kubwa zenye kutoka Mombasa zinapita Kampala na Kasese mbele ya kufika kwetu, kisha zinasimama kwa duane. Siku moja, siku mbili, pengine juma nzima. Mashoferi wanakaa tu wakingoja karatasi. Hao ndio wanunuzi wangu wa kwanza. Niko na meza moja, jiko la makala, birika mbili, na sashe za kawa ya kusaga.

Baba yangu alikuwa na kawa arabika kwenye mitelemko ya Rwenzori. Wakati ule kila mtu alimenya kawa yake nyumbani, akaianika chini, na kawa ikashika harufu ya udongo. Mchuuzi alikuja na mizani yake, akapima, akalipa kidogo, halafu magunia yakavuka usiku kwenda Uganda, juu ya kodi za kwetu kuwa nyingi na bei ya kule kuwa nzuri. Kule ngambo kawa ilibatizwa. Iliingia mtoni Mukongomani, ikatoka Muganda. Baba hakujua hata siku moja nani alikunywa kawa yake, na yule aliyeikunywa hakujua kama kuna mlima, kuna baba, kuna watoto wanaongoja minervali.

Mambo yamegeuka kidogo. Wakulima wa huko juu wana ushirika wenye kuitwa Kawa Kanzururu. Matunda mekundu yanapelekwa kwenye vituo vidogo vya kuoshea karibu na mashamba, yanamenywa siku ileile, yanalowekwa, yanaoshwa, na kuanikwa juu ya meza, si chini tena. Nanyi Wanande munasikia jina hilo linatoka wapi: nzururu ni theluji, ile nyeupe munayoiona asubuhi juu ya mlima mbele ya mawingu kuifunika. Kilele cha juu, Margherita, kina metri 5.109. Jina peke yake ni hadisi nzima. Mtu akiuliza "Kanzururu ni nini?", umekwisha kupata nafasi ya kusema naye.

Ninasema hivi kwa sababu vijana wengi wananiuliza: "Mama, sisi hatuna makuta ya kulipa matangazo kwa radio, tutafanya namna gani watu wajue biashara yetu?" Ninawajibu: muwe na kitu cha kweli cha kusimulia. Wazee wetu hawakuwa na radio. Jioni walikaa kwenye kyaghanda, moto katikati, na kila neno lilitoka pale likaenda kijiji kingine kwa miguu ya wageni. Shoferi wa Mombasa ni mgeni wa namna hiyo. Akibeba sashe moja na maneno matatu, hayo maneno yatafika Nakuru mbele ya barua yoyote.

Lakini maneno gani? Hapa ndipo watu wanapoteleza.

Jirani mmoja wa sokoni alikuwa akisema eti kawa yake inanyweshwa na theluji ya Rwenzori. Neno tamu sana! Siku moja akamwambia shoferi aliyezaliwa Kirinyaga, kule Kenya, katikati ya mashamba ya kawa. Yule akacheka mpaka akaweka kikombe chini: "Mama, kahawa hainywi theluji. Inakunywa mvua." Akalipa, akaenda. Nyuma yake mashoferi wengine wakaanza kuuliza kama hata ile kawa ni kawa kweli, au ni mahindi ya kukaanga yaliyochanganywa, jinsi wengine wanavyofanya. Mtu mwenye kusikia uongo mmoja anatafuta wa pili.

Hadisi inaweza pia kufunga soko. Toka Agosti 2018 mpaka Juni 2020 tulikuwa na Ebola huku kwetu Beni na Butembo. Katika Juni 2019 ugonjwa ulivuka mpaka na jamaa moja, ukafika wilaya ya Kasese. Tulinawa mikono kwa maji ya klori, tukapimwa joto kwenye kipaji, kwenda na kurudi. Na mdomo ulikwenda mbio kuliko ugonjwa. Watu walianza kuniambia eti chakula chochote cha Kongo kina hatari, hata kawa. Ningebishana nao mpaka jua kushuka, hawangenunua hata sashe moja. Basi nikahamisha kikaango. Mbele nilikuwa ninakaanga nyuma ya nyumba. Nikakileta mezani, machoni pa watu wote. Kawa inakaangwa kwa moto wa nyuzi 200 na zaidi, mbegu zinalia pa, pa, moshi unapanda. Sikusema neno juu ya Ebola. Harufu ilifanya kazi kuliko mdomo wangu. Mpaka leo sijakirudisha nyuma ya nyumba, sababu mtu akikungoja dakika 15 ukikaanga, mwenyewe anaanza kuuliza: inatoka wapi, nani aliivuna, kwa nini yako ni nyekundu kidogo na ya yule ni nyeusi? Ile ndiyo hadisi. Si lazima uianze wewe.

Kuna jambo moja lingine, zito. Tarehe 15 Januari 2023 bomu lililipuka katika kanisa hapa Kasindi, watu walikuwa kwenye ibada. Wengi walikufa. Miezi kidogo nyuma yake mgeni mmoja alionja kawa yangu, akaipenda, akanipa shauri: niandike juu ya sashe habari za vita na za wajane wa Kasindi. Alisema kule Ulaya watanunua kwa wingi. Sizani alikuwa na roho mbaya. Nilimjibu tu: "Baba, wale wafu ni wa jirani zangu." Tena, tuseme hata kibiashara: mwenye kununua kwa huruma ananunua mara moja, kesho kuna vita ingine mahali pengine yenye kumliza. Mwenye kununua kwa utamu anarudi.

Wahabeshi wametufundisha kitu. Mwaka 2005 serikali ya Ethiopia ilianza kuomba Marekani iandikishe majina ya Harar, Sidamo na Yirgacheffe, mahali kawa yao inapotoka, yawe alama zake za biashara. Wakabishana na kampuni kubwa ya Starbucks mpaka wakapatana mwaka 2007. Muangalie: hawakubishania gunia hata moja. Walibishania majina. Walijua jina la kijiji lina bei, na kama mwenyeji halishiki, mwingine atalishika.

Kwetu nyumbani ugomvi sasa ni juu ya etiketi. Binti yangu wa sekondari, mwenye mwandiko mzuri, anataka tuandike "Kawa ya Kasindi", kwa sababu mashoferi wote wanajua Kasindi. Mimi ninakataa. Kasindi iko chini, kuna joto, arabika haioti hapa. Hapa tunakaanga na kuuzisha tu. Ninataka jina la kijiji cha huko juu, pamoja na mwezi wa kuvuna. Yeye anasema jina hilo ni refu, halitaingia kwenye sashe ya gramu 100. Juma hili ameandika yote mawili kwa kalamu, sashe 20 hivi, 20 vile, na ameziweka pamoja mezani.