Zamu Yangu ya Kucheka

Katika Star Trek, tamthilia ya Marekani iliyoanza kuonyeshwa mwaka 1966, wasafiri wa anga wana chombo kinachotafsiri papo hapo lugha za viumbe wa sayari za mbali.

Simu yangu inatafsiri Kijapani, Kifini, hata Kilatini. Kinyiha cha bibi yangu hakimo. Mashine hizi hufunzwa kwa maandishi mengi, na Kinyiha kimeishi zaidi vinywani mwa watu.

Kila Jumapili nampigia bibi kule Mbozi, kwenye kitochi chake. Mama hukaa kando yangu akitafsiri. Bibi akitania, wao wawili hucheka kwanza; mimi husubiri zamu yangu.

Mama ana miaka 61. Siku hizi, kabla hajatafsiri, namwomba arudie maneno ya bibi polepole, niyaandike.