Barabara ya Chini na Njia ya Maji

Ubishi wa barabara ni ubishi wa kila mtu, kwa kuwa hakuna asiyepita njia. Tajiri hupita amefunga vioo vya gari lake, maskini hupita kwa miguu yake, na mgonjwa hupitishwa amelala. Kwa hiyo watu wanapogombana juu ya barabara, hawagombani juu ya mawe na lami tu. Hugombana pia juu ya nani atangulie, nani angoje, na nani alipe. Nimepata kuishi katika mji wa ugenini wakati ubishi wa namna hiyo ulipokuwa ukiwaka, na mimi mwenyewe nilikuwa upande mmoja kabla sijahamia upande wa pili. Nataka kueleza jinsi nilivyohama, si kwa kujisifu kuwa nilipata hekima, bali kwa sababu jambo lililonihamisha nilikuwa nimeliona nyumbani tangu utoto wangu nisilitambue.

Mji huo ni Bengaluru, makao makuu ya jimbo la Karnataka, kusini ya India. Vijana wengi wa Afrika Mashariki wamekwenda kusoma huko, nami nilikwenda mwaka 2021 kujifunza hesabu za fedha. Nilizaliwa Magomeni, Dar es Salaam, si mbali na bonde la Msimbazi. Nilipoambiwa ya kuwa mji niuendeao umekaa juu ya uwanda wa zaidi ya mita 900 kutoka usawa wa bahari, na ya kuwa hauna mto mkubwa upitao katikati yake, nilimwambia mama kwamba mafuriko na mimi tumeagana. Mama akamshukuru Mungu, nami nikapanda ndege.

Adha niliyoikuta kwanza haikuwa ya maji, bali ya magari. Mji una watu zaidi ya milioni 10, na vyombo vya moto vilivyoandikishwa navyo vimepita milioni 10, pikipiki zikiwa ndizo nyingi. Safari ya kilometa kumi ilikuwa ikila saa nzima, na jioni mbaya ilikula saa mbili. Usiku mmoja rafiki yangu wa Mombasa, tuliyekuwa tukikaa chumba kimoja, alishikwa na maumivu makali ya tumbo. Nilimtia katika bajaji, tukaingia njiani, na njia ikatufunga mbele na nyuma. Alikuwa akitoka jasho na kuuma nguo yake asipige kelele. Mara moja alinigeukia akasema, "Ndugu yangu, nisomee Yasini mapema, maana magari haya hayatembei." Tulicheka, lakini mimi nilicheka kwa hofu. Tulipofika, daktari alituambia kuwa kidole tumbo kilikuwa karibu kupasuka. Alipasuliwa usiku ule ule akapona. Tangu siku hiyo, mtu ye yote aliyesema atafungua barabara mpya, nilimwona kuwa rafiki wa wanadamu.

Basi serikali ya jimbo ilipotangaza nia ya kuchimba handaki la barabara kutoka Hebbal, upande wa kaskazini, mpaka makutano ya Silk Board, upande wa kusini, nilifurahi kama mtu aliyejibiwa dua. Handaki lilikadiriwa kuwa na urefu wa karibu kilometa 17, lenye njia mbili pacha, moja ya kwenda na moja ya kurudi, kwa gharama ya zaidi ya rupia bilioni 170. D. K. Shivakumar, aliyekuwa Naibu Waziri Kiongozi wa jimbo wakati wa mjadala huo, alilitetea kwa nguvu. Hoja ya watetezi ilikuwa rahisi kueleweka. Juu ya ardhi nafasi imekwisha. Kupanua barabara ni kubomoa nyumba za watu na kulipa fidia kubwa. Basi na tushuke chini.

Mwenye nyumba yetu alikuwa mwanamke mzee tuliyemwita Ajji, neno ambalo kwa Kikannada maana yake ni bibi. Nilimpelekea habari ya handaki kwa furaha. Hakunipinga. Aliniuliza tu, "Mjukuu wangu, huko chini watakakopita, wamekwisha kujua maji hupita wapi?" Nikamjibu kwamba mji huu hauna mto. Akanikalisha kibarazani akanieleza aliyoyapokea kwa mama yake, na baadaye nikayakuta katika vitabu.

Kempe Gowda alipouasisi mji huo mwaka 1537, kukosekana kwa mto ndiko kulikowalazimisha watu kuwa werevu. Wao na waliowafuata walizuia maji ya mvua kwa kingo za udongo, wakafanya maziwa madogo yaitwayo kere. Ziwa la juu lilipojaa lilimwagia ziwa la chini yake, na la chini likamwagia lililofuata, kwa mifereji iliyoitwa rajakaluve, yaani mifereji ya mfalme. Mji umekaa juu ya mgongo wa ardhi, na maji yake hushuka pande zote kwenda katika mabonde, la Hebbal likiwa mojawapo. Miaka ilipopita, mabomba yalileta maji kutoka mbali, na maziwa yakaonekana kuwa viwanja vilivyolala bure. Kituo kikuu cha mabasi kilijengwa palipokuwa ziwa la Dharmambudhi. Uwanja wa michezo wa Kanteerava ulijengwa palipokuwa ziwa la Sampangi. Mifereji mingi ilibanwa na majumba au ikajazwa takataka. Kwa hiyo niliposema mji hauna mto nilisema kweli, ila sikujua kwamba kila mvua kubwa hutafuta mito iliyofukiwa.

Mvua za Septemba 2022 zilikuwa zimenionyesha jambo hilo kabla sijalielewa. Barabara kuu ya mzunguko ilizama. Wafanyakazi wa makampuni ya kompyuta, watu waliozoea viti laini, walipanda matrekta kwenda kazini, na mashua zilipita katika nyua za nyumba za thamani kubwa kuwatoa wenyewe. Wakati ule nilitazama kama mtazamaji wa mchezo. Lakini Jumapili ya tarehe 21 Mei 2023 ilinyesha mvua ya muda mfupi tu, na katika njia ipitayo chini ya makutano ya K. R. Circle, hatua chache kutoka jengo la Bunge la jimbo, gari moja lilinaswa na maji. Mwanamke kijana aliyekuwamo alikufa maji. Nilikuwa nimepita hapo kwa basi siku iliyotangulia, nikitazama dirishani bila kuwaza lo lote. Wahenga walinena kuwa maji ya kifuu ni bahari ya chungu. Mvua ambayo kwa mtu wa juu ni ya kukunja suruali, kwa mtu wa chini ni bahari.

Hapo nikaanza kuusikiliza mjadala kwa masikio mawili. Haki yapasa kutendwa kwa pande zote, nami sitaki kuwafanyia mzaha watetezi wa handaki. Walisema ya kuwa handaki refu lililochimbwa katika mwamba mgumu si sawa na shimo fupi lililofunuliwa chini ya makutano. Ya kuwa milango yake huweza kuinuliwa juu ya usawa wa mafuriko, pampu zikawekwa, na njia ikafungwa kabla ya hatari. Hayo yote yawezekana, na uhandisi umeyafanya kwingine. Wapinzani nao walijibu kwamba handaki hata likiwa refu namna gani lina vinywa, na vinywa viko juu ya ardhi. Kinywa kimoja kilikusudiwa kuwa Hebbal, penye ziwa, na kingine Silk Board, jirani ya ziwa la Madiwala. Na Mei 2025 makutano ya Silk Board yalikuwa yamefunikwa na maji. Walikumbusha pia ya ulimwengu. Huko Zhengzhou, Uchina, tarehe 20 Julai 2021, mvua ya kutisha ilijaza handaki la barabara na watu 6 wakafa humo. Huko Osong, Korea ya Kusini, tarehe 15 Julai 2023, tuta la mto lilibomoka, maji yakaingia katika njia ya chini, na watu 14 wakapoteza maisha. Nchi hizo hazikosi wahandisi wala pampu.

Jambo la pili lilikuwa la haki ya kupita. Ashish Verma, mtaalamu wa usafiri katika Taasisi ya Sayansi ya India, alihoji faida ya handaki, akionyesha kuwa treni na mabasi huchukua watu wengi zaidi. Tejasvi Surya, mbunge wa Bengaluru Kusini, naye alishika hoja hiyo. Ilipojulikana kuwa sehemu ya bustani ya Lalbagh, iliyoanzishwa na Hyder Ali mwaka 1760 na yenye mwamba wa umri wa miaka ipatayo bilioni 3, ingetumiwa kwa kazi ya handaki, hata watu wasiopenda siasa walitoka nyumbani, na shauri likafika Mahakama Kuu. Katika joto la maneno hayo, Oktoba 2025, Shivakumar alisema ya kuwa siku hizi watu hawapendi kumwoza binti yao kijana asiye na gari. Mji mzima ulicheka, nami nilicheka. Kisha nikaukumbuka usiku wa rafiki yangu. Nani alikuwa ametufungia njia? Mamia ya magari, mengi yana mtu mmoja mmoja ndani yake. Na handaki lingemfaa nani? Mwenye gari, awezaye kulipa ushuru wa kupita. Mimi na mgonjwa wangu tulikuwa katika bajaji.

Lakini sikutaka kuhama upande kwa hasira, kwa hiyo nilitafuta kama upo mji uliochimba handaki ukapatana na maji. Nikakuta habari ya Kuala Lumpur, mji mkuu wa Malesia. Huko, mwaka 2007, lilifunguliwa handaki la urefu wa kilometa 9.7, lililokusudiwa kwanza kuchukua maji ya mafuriko na kuyapitisha mbali na katikati ya mji. Magari yalipewa sehemu ya kilometa 4 tu. Siku za kawaida hupita. Dhoruba kubwa ikija, magari hutolewa, milango hufunguliwa, na maji huingia mahali pa magari. Nilipoyasoma hayo nilielewa kosa langu. Nilikuwa nikiuliza kama handaki ni jema au baya, na swali hilo halina jibu. Swali lenye jibu ni nani aliyefikiriwa kwanza. Kuala Lumpur maji yalitangulizwa, magari yakafuata. Bengaluru magari yaliitwa mezani kwanza, na maji yakakumbukwa na wapinzani.

Ndipo utoto wangu uliponirudia. Desemba 2011 Msimbazi ulifurika. Tulikuwa na shangazi aliyekaa chini zaidi, karibu na bonde, na usiku ule kaka zangu walikwenda kumtoa. Walirudi naye alfajiri, mikononi ana sanduku la kanga lililolowa, na hakuna kingine. Baadaye wengi wa bondeni walihamishiwa Mabwepande. Watu wazima walisema, "Mto umetuvamia," nami nilikua na maneno hayo. Hata nilipoona karakana ya mabasi ya mwendokasi imejengwa Jangwani, na kila masika mabasi yanahamishwa na barabara ya Morogoro inafungwa, niliendelea kusema kuwa mto ni mkorofi. Ilinilazimu kwenda mji usio na mto, nimsikilize bibi wa watu kibarazani, ili nijue kwamba Msimbazi haukuhama. Sisi ndio tuliouhamia.

Nimerudi nyumbani, na hadi nilipoondoka, mwishoni mwa 2025, Bengaluru walikuwa hawajakata shauri la ubishi wao kwa ridhaa ya wote. Siwaonei huruma kwa kubishana, nawaonea wivu. Mwaka 2016 maelfu ya watu wa mji ule walishikana mikono barabarani kupinga barabara ya juu ya chuma ambayo ingekata mamia ya miti, na Machi 2017 serikali ikaiacha. Pengine hata wao hukosea. Walakini mradi uliopita katika ulimi wa mwalimu, mchuuzi, mhandisi na mwanamke mzee hujulikana ufa wake ungali karatasini, na ufa wa karatasini huzibwa kwa kalamu.

Rafiki yangu wa Mombasa bado analitetea handaki. Husema kuwa mimi sikuwa na lile tumbo usiku ule, na kwa neno hilo simwezi. Huenda akawa na haki. Anayeumwa hangojei mji umalize kufikiri. Ninalomwomba yeye, na wote watakaokaa siku moja kuamua barabara za miji yetu ya pwani, ni kwamba kabla ya kuhesabu magari yatakayopita, watafute wazee wa mahali pale, wawaulize mvua kubwa ya mwisho ilisimama wapi, na waiandike alama hiyo katika ramani kabla ya kuchora mstari wa kwanza.