Hesabu ya Moshi

Mtoto mmoja alituuliza darasani, hesabu zafaa nini? Tukamweleza habari ya London. Desemba 1952, kwa siku tano, hewa ya joto iliifunika ya baridi mfano wa kifuniko cha chungu. Moshi wa makaa ya mawe ukakosa pa kutokea. Wengi walidhani ni ukungu wa kila mwaka. Hesabu ya kwanza ya waliokufa ilikuwa 4,000. Ya baadaye ilifika 12,000. Siku hizi kompyuta huigawa hewa ya nchi ile visanduku visanduku, ikahesabu upepo, joto na moshi wa magari, hata wenye pumu wapate kuonywa kabla ya siku yenyewe. Pengine hukosea, twakiri. Yule mtoto akauliza tena, “Na moshi wa jikoni kwa mama, Mwalimu, nani auhesabu?”